Vifaa vya kujitengenezea nyumbani kwa pombe yako ya kwanza ya kimea cha mtama

Leo naandika somo ambalo nimeombwa mara nyingi vijijini, hasa na akina mama wanaolima mtama huku kwetu Dodoma: namna ya kupika pombe kwa nafaka tupu, bila sukari ya dukani, kwa vifaa vya kujitengenezea mwenyewe. Naandika nikiwa na deni pia, na nitalieleza.

Mara ya kwanza nilipofundisha jambo hili, nilifundisha vibaya. Mama mmoja alitoa kilo 4 za kimea chake tutumie kama mfano. Mimi, kwa kujiamini, nikachemsha maji yakatokota, nikayamimina juu ya unga wa kimea, nikafunika, nikawaambia "kesho mtaona". Kesho yake tukaona uji. Haukuwa mtamu hata kidogo, na siku ya tatu ukachacha na kunuka. Yule mama hakusema kitu, alinitazama tu. Kilo 4 za kimea ni nafaka iliyolimwa kwa jembe la mkono, jamani. Nilimlipa, lakini aibu ilibaki.

Kosa langu lilikuwa moja: sikuelewa kwa nini kila kifaa kipo. Basi tuanzie hapo.

Kwa nini mtama unataka utaratibu wake

Mbegu ikiota, hujitengenezea vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hula sukari hiyo ikatoa kileo. Vimeng'enya hivyo vinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi. Maji yanayotokota huviua, na ndivyo nilivyofanya mimi.

Lakini kuna mtego. Wanga wa shayiri hulainika kwenye joto ambalo vimeng'enya bado viko hai. Wanga wa mtama unahitaji joto kubwa zaidi, karibu nyuzi 70 na kupanda, ndipo ulainike. Ukipasha sana unaua vimeng'enya, ukipasha kidogo wanga unabaki mbichi.

Dawa yake ni kutenganisha. Unaloweka unga wa kimea kwenye maji ya vuguvugu, vimeng'enya vinatoka na kuingia kwenye maji. Unaacha unga utuame, unachota maji ya juu na kuyaweka pembeni. Unga uliobaki chini unauchemsha hadi uive. Ukipoa kiasi, unarudisha yale maji. Hapo wanga umelainika na vimeng'enya viko hai. Ukielewa hilo, vifaa vinajieleza vyenyewe.

Kifaa cha 1: Ndoo ya kuotesha

Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu madogo chini kwa msumari uliopashwa moto. Loweka humo mtama kwa saa 24, ukiwa umeiingiza ndani ya ndoo nzima, na ubadilishe maji kila baada ya saa 8. Kisha inua ndoo maji yachuruzike, mwaga nafaka juu ya gunia safi la katani, unene usizidi vidole vitatu, funika kwa gunia jingine lenye unyevu. Nyunyiza maji na kugeuza asubuhi na jioni kwa siku 4 hadi 5. Halafu anika juani, juu ya turubai safi, mpaka nafaka ikikatwa kwa meno ilie "ka!".

Kabla ya yote, pima uotaji. Hesabu punje 100, zioteshe kwenye kitambaa kibichi. Zikiota chini ya 90, mtama huo upelekwe jikoni kwa ugali, usiufanye kimea. Punje isiyoota haitoi vimeng'enya, inaota ukungu. Mtama mweupe kama Macia ni mzuri zaidi kuliko ule mwekundu mchungu wasioupenda ndege, kwa sababu uchungu ule huzuia vimeng'enya. Mimi huchanganya kilo 3 za kimea cha mtama na kilo 1 ya kimea cha ulezi. Wapika mbege wa Kilimanjaro hawakuchagua ulezi kwa bahati, kimea chake kina nguvu.

Angalizo: kimea kikishakauka, kisugue kwa mikono na upepete mpaka mizizi na machipukizi yote yatoke. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayozalisha sayanaidi, sumu ile ile inayoua ng'ombe wakila mtama mchanga. Usiyatupe mahali kuku au mbuzi watayafikia.

Kifaa cha 2: Sufuria na kapu joto

Sufuria ya alumini ya lita 25 yenye mfuniko inatosha. Usitumie ndoo ya bati wala pipa la chuma. Pombe ina uchachu, nao hula madini na kuyaingiza kwenye kinywaji. Kusini mwa Afrika watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe iliyopikwa kwenye vyombo vya chuma walipata ugonjwa wa ini kwa madini ya chuma kuzidi mwilini.

Kapu joto ni la kutunza nyuzi 65 kwa saa nzima bila moto. Chukua tenga kubwa kuliko sufuria. Jaza chini pumba kavu za mpunga au nyasi kavu, unene wa shubiri moja. Tandika blanketi kuukuu, weka sufuria, jaza pembeni mpaka ibane. Tengeneza mto wa gunia uliojazwa pumba, wa kufunika juu. Mwenye deli la kuuzia barafu anaweza kulitumia badala ya tenga, mradi sufuria iingie.

Lijaribu kwa maji kwanza, usilijaribu kwa kimea. Tia maji ya nyuzi 70, funika, subiri saa 1, pima. Yakishuka zaidi ya nyuzi 5, ongeza pumba.

Kifaa cha 3: Kipimajoto

Hapa usibahatishe. Nunua kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 100. Cha kupimia homa hakifai, kinaishia nyuzi 42 na kitapasuka humo ndani.

Kwa ule uloweko wa kwanza tu, unaweza kupima kwa kikombe. Huku kwetu juu maji hutokota kwenye nyuzi 96 hivi. Vikombe 2 vya maji yanayotokota na vikombe 5 vya maji ya kawaida ya mtungini hutoa takriban nyuzi 45. Hiyo ndiyo tunayoitaka.

Kifaa cha 4: Ndoo ndani ya ndoo

Hiki ndicho chujio. Zile ndoo zenye koki tulizonawia mikono mwaka 2020, nyingi zimelala stoo. Itoe moja, ioshe vizuri, badilisha raba ya koki. Chukua ndoo ya pili ya ukubwa huo huo, toboa matundu mengi membamba kwenye kitako, iingize ndani ya ile ya koki. Kwa kuwa ndoo hupungua upana kwenda chini, ya ndani haigusi kitako cha nje, na nafasi inayobaki ndiyo maji ya kimea yatakusanyika.

Mtama hauna maganda kama shayiri, kwa hiyo unga wake huziba matundu. Chemsha pumba za mpunga, zile za maganda makubwa, zimwage maji, utandike unene wa vidole vinne kwenye ndoo ya ndani. Hapo mchujo unapita.

Usichujie kwa chandarua! Nimeiona mara mbili. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu. Na ndoo iwe ilibeba chakula au ni mpya. Ndoo ya rangi haifai, na dumu la viuatilifu halifai hata ulioshe mara mia. Mama mmoja alinibishia kwamba dumu lake "halinuki tena". Nilimwambia, mama yangu, sumu haina lazima ya kunuka. Tulilitoboa dumu lile siku hiyo hiyo ili asilitumie mtu mwingine.

Kifaa cha 5: Ndoo ya kuchachusha

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Toboa tundu moja kwenye mfuniko, pitisha mpira mwembamba mpya, kama wa dripu kutoka duka la dawa, ziba pembeni kwa nta. Ncha ya pili izamishe kwenye chupa ya soda yenye maji nusu. Gesi itatoka kwa mapovu, hewa na nzi hawataingia.

Siku ya kupika

1. Changanya lita 4 za maji yanayotokota na lita 10 za maji ya kawaida. Ongeza kilo 4 za unga wa kimea, koroga, acha dakika 40 utulie.
2. Chota taratibu lita 5 za maji ya juu, weka kwenye chombo safi, funika. Hayo ndiyo yenye vimeng'enya. Usiyapashe!
3. Chemsha kilichobaki kwa dakika 30 huku ukikoroga, maana kinashika chini kama uji wa watoto.
4. Epua. Koroga mpaka kipimajoto kisome nyuzi 78. Sasa rudisha zile lita 5. Joto litashuka hadi nyuzi 65 hivi. Funika, weka kwenye kapu joto saa 1 na nusu.
5. Onja. Uji mzito utakuwa umelegea na kuwa mtamu. Kama una tinkcha ya ayodini, weka kijiko cha maji yake kwenye kisahani, kipoe, dondoshea tone moja. Ikiwa bluu nyeusi, wanga bado upo, ongeza nusu saa. Ikibaki rangi ya kahawia, tayari. Ulichopimia kimwage, usinywe.
6. Mimina kwenye chujio, fungua koki kidogo kidogo. Maji ya mwanzo yenye ukungu yarudishe juu. Mwisho suuza kwa lita 5 za maji ya moto yasiyotokota.
7. Chemsha mchujo saa 1. Poza haraka kwa kusimamisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, mfuniko ukiwa juu.
8. Ikifika nyuzi 30 au chini yake, mimina kwenye ndoo ya kuchachusha iliyooshwa na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Weka kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate. Weka kivulini siku 3 hadi 4.

Utapata kama lita 12. Usiijaze kwenye chupa za kioo na kuzifunga. Gesi bado inatoka, na chupa hupasuka kama bomu.

Mambo yasiyo na mjadala

Nafaka yenye ukungu usiifanye kimea, na mbegu ya dukani iliyotiwa dawa usiiguse. Kuchemsha hakuondoi sumu zote. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Wengi walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara baadaye ulikuta sumu iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Mpishi hakumlisha mtu sumu kwa makusudi, alitumia unga mbovu. Naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Pili, somo hili ni la pombe ya kuchachusha tu. Kutonesha gongo ni kosa la jinai na ni hatari, usiniulize. Ukitaka kuuza, anzia ofisi ya kijiji na halmashauri uulize vibali. Mjamzito na mtoto wasinywe.

Tatu, ghala kwanza. Pima chakula cha familia mpaka mavuno yajayo, weka pembeni na mbegu. Kinachozidi ndicho cha kimea. Nyumba inayopika pombe Novemba na kuomba unga Februari haijafaidika.

Na usitupe machicha. Nguruwe, ng'ombe na kuku wanayapenda. Wape siku hiyo hiyo au yaanike, yakilala mabichi yanaota ukungu.

Nilirudi kwa yule mama msimu uliofuata, safari hii na kimea nilichonunua mwenyewe. Tulipofungua kapu joto, alichovya kidole, akalamba, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Bwana shamba, leo umesoma." Deni langu nikahesabu limelipwa.

Anza na kapu joto, ulijaribu kwa maji wiki hii. Kimea kitakusubiri. Kazi njema, tuonane shambani.