Utafiti wa Afya: Somo Kutoka Majengo, Pumwani

Utafiti wa afya ni kazi ya kuuliza swali juu ya ugonjwa, kisha kulitafutia jibu kwa kuwapima watu wengi kwa muda mrefu. Kazi hiyo haiwezekani pasipo ridhaa ya watu wenyewe. Jambo hili lilionekana wazi katika Majengo ya Pumwani, upande wa mashariki wa Nairobi.

Mwaka 1985 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba kutoka Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa miongoni mwa wanawake wa hapo waliojipatia riziki kwa kuuza miili yao. Damu ilipopimwa, ilionekana ya kuwa zaidi ya nusu yao walikwisha kuambukizwa virusi vya ukimwi.

Habari hiyo nzito haikufichwa. Bibi Elizabeth Ngugi, aliyekuwa muuguzi, aliwakusanya wanawake barazani. Wakaelezwa matokeo, wakapata viongozi wao wenyewe wa kuwafundisha wenzao matumizi ya kondomu. Wenye magonjwa ya zinaa walitibiwa bure. Basi wanawake wakazidi kurudi kliniki mwaka baada ya mwaka.

Kurudi kwao ndiko kulikoleta uvumbuzi mkubwa. Wachache hawakuambukizwa, ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Kama wangalipimwa mara moja tu, jambo hilo lisingalijulikana. Ujuzi uliotokana na damu yao ulisaidia kutengeneza chanjo iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Chanjo hiyo haikuamsha kinga ya kutosha, na mpaka leo chanjo ya ukimwi haijapatikana.

Yafaa kukumbuka pia gharama yake. Katika miaka ya kwanza dawa za kupunguza makali ya ukimwi hazikuwapo, na wengi waliotoa damu yao walifariki kabla dawa hizo hazijawafikia.

Kwa hiyo mtafiti apigapo hodi, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza: Mnatafuta nini? Damu yangu itapelekwa wapi? Nikiugua, nitatibiwa na nani? Matokeo nitaambiwa lini? Tena aweza kukataa, au kujitoa wakati wowote, pasipo kunyimwa matibabu. Mtafiti mwema huyajibu maswali hayo yote kabla hajatoa sindano yake.