Hesabu ya Tangi: Litachukua Lita Ngapi?

Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu hesabu ambayo kila mwenye nyumba ya mabati katika nchi kavu yafaa aijue, nayo ni hesabu ya tangi la maji ya mvua. Si ngumu, na mtoto aliyejifunza kuzidisha aweza kuifanya.

Tuseme mtu wa Machakos ataka kujengewa tangi la mviringo. Watu wa nyumbani kwake hutumia mitungi 5 ya lita 20 kila siku, yaani lita 100. Tangu tarehe 1 Juni hata mwisho wa Septemba, wakati ambapo mvua kwao ni haba sana, ni siku 122. Basi ahitaji lita 12,200. Fundi amwambia, "Tangi la upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 litakutosha, mzee." Je, ni kweli?

Hesabu yake ni hii:

1. Pima upana wa tangi, ukipita katikati kabisa. Pima kwa ndani, kwa maana unene wa ukuta hauweki maji.
2. Gawanya upana huo kwa 2.
3. Zidisha nusu hiyo kwa nusu hiyo, kisha kwa 3.14.
4. Zidisha kwa kimo. Jibu ni mita za ujazo, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000.

Basi tangi la fundi ni 1 × 1 × 3.14 × 2, yaani 6.28, ndiyo lita 6,280. Maji hayo ni ya siku 62 tu. Mwanzo wa Agosti tangi ni kavu, na mama wa nyumba arudia safari ya mtoni.

Sasa afanyeje? Akiongeza kimo kiwe mita 3, atapata lita 9,420, nazo zitakwisha mwanzo wa Septemba. Lakini akiacha kimo vile vile na kuongeza upana uwe mita 3, hesabu ni 1.5 × 1.5 × 3.14 × 2, yaani lita 14,130. Mita ni ile ile moja, ila faida si moja, kwa sababu kimo huzidishwa mara moja, bali nusu ya upana huzidishwa mara mbili.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Maji yaliyo chini ya bomba hayatoki. Bomba likiwekwa sentimita 10 juu ya sakafu, katika tangi hili zaidi ya lita 700 zitabaki ndani, yaani maji ya juma zima. Zitakazotoka ni kama lita 13,400, nazo bado zatosha. Basi kimo cha kweli hupimwa toka bomba hata tundu la kumwagia maji yanayozidi.

Tangi la pembe nne ni rahisi zaidi: zidisha urefu kwa upana kwa kimo. Jaribu mwenyewe: tangi la urefu wa mita 2, upana mita 1.5 na kimo mita 1.2 litachukua lita ngapi?

Fanya hesabu kabla ya kumlipa fundi. Tangi likiisha kujengwa, ukuta hausogei.

(Jibu: lita 3,600.)