Kazi ya Maabara na Kazi ya Serikali



Mimi ni mwalimu wa biolojia, na wanafunzi huniuliza mara kwa mara swali lisilomo katika mtihani: sayansi na siasa zikikutana, ipi imfuate mwenziwe? Nitalijibu kwa jambo lililotokea karibu nasi hapa Mbuba, katika wilaya jirani ya Biharamulo, yaani ugonjwa wa Marburg wa mwaka 2025.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Jina lake latokana na mji wa Marburg, Ujerumani, ambako ulitambuliwa mwaka 1967. Virusi vyake hukaa katika popo walao matunda, waishio mapangoni. Mtu aliyeugua humwambukiza mwingine kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, na hata maiti yake huambukiza. Dalili huonekana kati ya siku 2 na 21. Mkoa wetu wa Kagera ulikwisha kupatwa mwaka 2023, upande wa Bukoba: watu 9 waliugua, 6 wakafa.

Sasa tutazame tarehe. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za watu 9 waliodhaniwa kuwa na Marburg mkoani Kagera, na 8 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Baada yake Wizara ya Afya ilieleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Kisha tarehe 20 Januari, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa, baada ya kupimwa katika maabara ya Kabaile, Kagera, na kuhakikiwa Dar es Salaam.

Asiyejua kazi ya maabara aweza kudhani kwamba lazima mmoja wao alisema uongo. Lakini yafaa tufikiri. Maabara ikijibu “hapana”, jibu hilo ni la sampuli zile zilizopimwa tu. Halisemi lolote juu ya mgonjwa asiyepimwa, wala juu ya marehemu aliyezikwa kabla ya kutolewa damu. Mlipuko ulipokwisha ilihesabiwa kwamba waliougua walikuwa 10, na wote walikufa. Kati yao 2 tu walithibitishwa na maabara. Wale 8 walikufa kabla ya kuthibitishwa, wakahesabiwa kwa dalili zao na kwa watu waliokutana nao.

Basi “hatujauona” na “haupo” ni maneno mawili mbalimbali. Mtu akiambiwa “haupo” atamwosha maiti kwa mikono mitupu. Akiambiwa “hatujauona bado” atangoja na kujihadhari. Kwa hiyo kiongozi yampasa kuchagua neno lake sawasawa na kipimo, na mwananchi yampasa kulisikiliza vizuri. Nasi tusiwafiche wagonjwa wetu, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na maabara haiwezi kupima kisicholetwa.

Je, sayansi yatosha peke yake? Haitoshi. Sayansi yatuambia ugonjwa hupita njia gani, lakini haiwezi kupima peke yake hasara ya mchuuzi wa Rusumo au Kabanga mpaka ukifungwa, wala uchungu wa familia inayozuiwa kumzika mtu wao kwa desturi yake. Hayo hupimwa na watu kwa njia ya viongozi wao. Katika mlipuko ule Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba safari na biashara na Tanzania zisizuiwe.

Mfano mwingine ni wa korona. Mwaka 2021 Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu. Mwezi Mei ikampa mapendekezo yake, na tarehe 28 Julai yeye mwenyewe akachanjwa hadharani. Wataalamu waliweza kueleza faida ya chanjo. Lakini kama watu walazimishwe au wachague wenyewe, hilo ni swali la haki na uhuru. Likaamuliwa kuwa ni hiari.

Hata hivyo, pana mahali ambapo siasa haina budi kungoja. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa alikufa tarehe 28 Januari 2025. Kanuni yataka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya zile siku 21. Zilipopita, mwisho wa mlipuko ulitangazwa tarehe 13 Machi. Hakuna bunge liwezalo kuzipunguza siku hizo kwa kupiga kura, maana virusi havisikii hotuba.

Hili ndilo jibu langu: maabara itueleze kilichopo na kisichojulikana bado, serikali iamue la kufanya na kutoa sababu zake mbele ya watu, nasi tusome, ili tuweze kuwauliza wote wawili.

Maswali ya kujizoeza:

1. Kwa nini siku za kungoja ni 42 wala si 21?

2. Sampuli 5 zimepimwa na zote zimejibu “hapana”. Andika sentensi moja ambayo Afisa Afya aweza kuitangaza sokoni bila kusema zaidi ya anayoyajua.

3. Taja jambo moja la kijiji chenu ambalo mtaalamu aweza kulipima, na moja ambalo ni lazima mkutano wa kijiji uliamue.