Maganda ya Jikoni: Yawe Mbolea, Yasiwe Nzi



Kila siku jikoni hubaki maganda ya mihogo, viazi na ndizi, vijiti vya sombe na mizizi ya lenga-lenga. Vikitupwa ovyo katika joto la bonde la Imbo hapa Bujumbura, siku mbili tu vinanuka. Nzi hutaga mayai humo, na kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi nzi wapya huruka. Hutoka chooni, hutua juu ya ugali wa mtoto, na kuhara kunaenea. Mwezi Januari 2023 kipindupindu kilitangazwa mjini Bujumbura. Kwa hiyo takataka si jambo dogo.

Maganda hayo hayo yakifunikwa na kuachwa yaoze vizuri, yanalisha mboga za nyumbani.

Namna ya kutengeneza

1. Chimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina nusu mita, mbali na jiko na kisima, mahali penye kivuli. Asiye na nafasi atumie gunia kuukuu lenye matundu chini.
2. Weka majani makavu chini, kisha maganda yaliyokatwa vipande vidogo. Majani makavu yazidi maganda mabichi.
3. Nyunyiza jivu kiganja kimoja. Jivu jingi huharibu mbolea.
4. Kila siku ukiongeza maganda, yafunike kwa udongo. Hapo ndipo nzi anaposhindwa.
5. Maji uliyooshea mboga, yasiyo na sabuni, yanatosha kulowesha.
6. Baada ya wiki 3, geuza ya chini yaje juu. Rudia kila wiki 2 au 3.

Namna ya kupima

Choma kijiti katikati, ngoja dakika 5, kisha kitoe. Kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka vibaya, maji yamezidi: ongeza majani makavu, ugeuze.

Baada ya miezi 3 hivi mbolea huwa nyeusi, hupukutika na hunukia udongo. Walio kwenye kambi za vilimani, kama Musasa, wasubiri zaidi, maana baridi huchelewesha kuoza. Ukianza mwezi wa Juni, kiangazi kinapoingia, utakuwa nayo tayari mvua za Septemba na Oktoba zikikaribia. Tia viganja 2 katika kila shimo la kupandia, uchanganye na udongo.

Usitie kamwe

- Kinyesi cha mtu wala nepi za mtoto. Mayai ya minyoo ya tumbo huweza kuishi udongoni kwa miaka.
- Nyama, mifupa, samaki na mafuta. Huvuta panya na mbwa.
- Plastiki, betri na vioo.

Ukimaliza kushika mbolea, nawa mikono kwa sabuni. Mboga zioshe kwa maji safi na uzipike vizuri.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kwa nini tunafunika maganda kila siku?
2. Kijiti kikitoka kikavu, tufanye nini?
3. Kwa nini nepi haziingii shimoni?

Kinga ni bora kuliko tiba.