Hewa Iliyo Juu Yetu na Maji ya Kisimani



Wengi wetu tunaikumbuka ile pampu ya mkono tuliyoichangia kwa ajili ya kisima. Wakati wa masika ilitoa maji vizuri, hata watoto waliigombea. Ulipofika mwezi wa Septemba ikawa inahema tu, kama mzee apandaye mlima. Tukabadilisha ngozi za ndani, tukafunga upya mabomba, tena tukamsema vibaya yule aliyetuuzia. Kumbe pampu ilikuwa nzima. Tuliokosea ni sisi, maana hatukujua ni kitu gani hasa kinachoyapandisha maji. Somo letu ni juu ya jambo hilo, nalo linaanzia mbali kidogo na kisima.

Hewa ina uzito. Msomaji wa Ayubu, sura ya 28, amekwisha kukutana na uzito wa upepo, ila labda aliupita haraka kama sisi. Sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja, ambalo kwa macho yetu ni tupu, hapa Goweko lina hewa ya kilo moja hivi. Na hewa imerundikana juu yetu kilomita nyingi. Ukiijumlisha yote inayosimama juu ya mkeka wa mita moja ya mraba, utapata karibu tani 9. Kule Bagamoyo, misafara ya zamani ilikoanzia, ni zaidi ya tani 10. Kwa sababu sisi tumepanda kama mita 1,200 juu ya bahari, na sehemu ya hewa tumeiacha chini yetu.

Hatupondeki, kwa kuwa hewa hutubana pande zote, na vilivyomo mwilini mwetu husukuma nje kwa nguvu iyo hiyo. Lakini liko swali gumu zaidi. Dunia huvuta kila kitu chini. Mbona basi hewa haianguki yote ikalala ardhini kama vumbi? Tena hewa hupenda kutawanyika: fungua chupa ya mafuta ya taa, na harufu itafika kila pembe ya chumba. Mbona haijatawanyika ikatoroka, ikatuacha?

Fikiri juu ya rundo la pamba ghalani. Pamba ya juu imelegea. Ya chini imebanwa na uzito wa yote iliyo juu yake, na kwa kuwa imebanwa, yasukuma juu kwa nguvu zaidi. Ndivyo ilivyo hewa, ingawa msukumo wake hautoki kwenye nyuzi bali kwenye chembe ndogo mno zikimbiazo huko na huko na kugongana bila kupumzika. Chukua tabaka moja tu la hewa, tuseme lile lililo usawa wa vilele vya miembe. Dunia yalivuta chini. Hewa iliyo juu yake yalisukuma chini. Hewa iliyo chini yake yalisukuma juu kwa nguvu iliyozidi kidogo tu, na ziada hiyo ni sawasawa na uzito wa tabaka lenyewe. Basi linakaa. Msukumo wa chini ukipungua, tabaka hushuka na kuibana hewa iliyo chini, nayo ikibanwa husukuma zaidi mpaka mizani ikae sawa tena. Msukumo ukizidi, tabaka hupanda na hewa ya chini hulegea. Mvutano wa dunia unaizuia hewa isitoroke, na msukumo unaizuia isianguke. Mwezi hauna mvutano wa kutosha, ndiyo maana karibu hauna hewa kabisa.

Watu waliopita njia yetu hii ya Tura, Rubuga na Kigwa waliitumia mizani hiyo kupima nchi. Mwaka 1858 Speke aliondoka Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, akiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti akaiona Nyanza. Alipima kimo chake kwa kuchemsha maji. Pale msukumo wa hewa unapopungua, maji huchemka mapema: pwani kwa nyuzi 100 za sentigredi, kwetu kwa nyuzi 96. Alipata futi 3,740 hivi, na hakukosea sana. Lakini miezi michache nyuma, kwenye Ziwa Tanganyika, kipimajoto kibovu kilikuwa kimempa kama futi 1,800, hali ziwa lile liko zaidi ya futi 2,500. Kosa kubwa hivyo lilitokana na kipimajoto kukosea chini ya nyuzi moja! (Mama anayelalamika kwamba maharagwe ya Tabora hayaivi haraka kama ya Dar es Salaam ana haki yake.)

Sasa turudi kisimani. Pampu inayokaa juu ya kisima haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya bomba, basi; kazi ya kuyapandisha hufanywa na hewa ya nje inayoyakandamiza maji kisimani. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Hewa yetu ina tani 9 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo yaweza kuinua maji mita 9 na si zaidi, hata tungeleta wanaume kumi kushika mpini. Kwa kuwa valvu na viungo huvujisha kidogo, mita 7 ndizo za kutegemea.

Mwezi wa Oktoba tulifunga jiwe kwenye kamba tukapima. Kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji: mita 11.

Pampu inayotufaa ni ile ambayo silinda yake hushushwa mpaka majini, ikayasukuma kutoka chini. Bei yake ni kubwa, na ngozi ikichakaa ni lazima mabomba yote yatolewe. Ile ya kwanza tumeihamishia kwenye tangi la maji ya mvua, kina chake mita 3, na pale inafanya kazi bila taabu.