Kila Desemba Rombo, na mama yuko Korogwe

"Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, nauza maandazi na chapati hapa Tabata, Dar es Salaam. Mume wangu ni mtu wa Rombo. Kila Desemba tunapanda kwao, na kila Januari tunarudi mifuko mitupu. Safari hii binti yetu mkubwa anaingia kidato cha kwanza. Kikoba chetu kinavunjwa wiki ijayo na fungu langu ni laki sita. Mume anataka hela hiyo iwe nauli na mchango wa mbuzi, ikipungua akope kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Kinachoniuma zaidi ni mama yangu. Ni mjane, yuko Korogwe. Basi likisimama pale abiria wale, anakuja na kikapu cha maembe, anawashika wajukuu mikono dirishani, dereva anapiga honi, tunaondoka. Mwaka wa tisa sasa. Nikisema tulale kwake hata siku moja, naambiwa navunja mila. Nifanyeje?"

Shangazi anaanza na hizo laki sita, maana ndizo zenye haraka.

Hela ya kikoba si zawadi ya Krismasi. Mama huyu ameinunua hisa kwa hisa mwaka mzima, kwa unga na mafuta ya kukaangia, akiamka kabla ya adhana ya alfajiri. Binti ndiye wa kwanza kuila. Ni kweli kwamba tangu 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini mzazi yeyote aliyewahi kushika fomu ya kujiunga anajua kinachofuata: sare, viatu vyeusi, madaftari, na kama ni bweni, tranka, godoro, mashuka, ndoo, mara nyingi hata jembe na fagio. TAMISEMI kwa kawaida hutangaza waliochaguliwa mwezi huo huo wa Desemba, na shule hufunguliwa mapema Januari. Orodha inaweza kumfikia baba akiwa tayari yuko mlimani na hela imekwisha.

Kwa hiyo vinunuliwe sasa vile visivyobadilika hata apangiwe shule gani: viatu, soksi, madaftari, mashuka. Hela ya sare na vingine ibaki kwenye akaunti ya simu ya mama mwenyewe, na asiitaje mbele ya mashemeji.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi za mjini huligundua wakati limeshawabana. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba kabla ya sikukuu. Mshahara wa tarehe 20 unahisiwa kama nyongeza, kumbe unatakiwa ufike mwisho wa Januari, karibu wiki sita, na katikati yake kuna mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Shangazi anamwomba baba wa nyumba hii aketi na daftari aandike wiki hizo sita moja moja, chakula na nauli za kazini zikiwemo, kabla hajamwahidi mtu mbuzi.

Kuhusu kausha damu, jibu ni hapana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni na mkopaji aelezwe riba na masharti yote kabla ya kusaini. Anayetaka kubaki na kadi ya benki na namba ya siri anataka mshahara wa mtu uingie mkononi mwake kwanza. Deni la kulipia ada ya mtoto au dawa lina utetezi wake. Deni la kuchomea ndafu halina.

Lakini Shangazi hakubaliani na wanaosema safari za Desemba Uchagani ni ufahari mtupu. Kihamba, shamba la ukoo, ndimo walimozikwa wazee, ndimo alimokulia baba, na ipo migomba ambayo watoto wa Tabata wataijua tu kwa kuipita wakikimbia. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Binamu wanaokutana mara moja kwa mwaka wanalala wanne kitanda kimoja. Bibi anachemsha ndizi za mbege, anaziacha zichache siku kadhaa, kisha anachanganya na uji wa ulezi huku wajukuu wamezunguka pipa wakiuliza kila kitu. Asubuhi kuna baridi ya kweli na bakuli la mtori. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mkopo. Gharama inakuja na vitenge vya mawifi, kreti za bia, nguo mpya za kanisani, na ile hofu ya baba kwamba kaka yake amechangia zaidi. Hapo ndipo pa kupunguza. Baba anaweza kupeleka kilo za mchele na sukari kwa mama yake, akamwambia kaka yake kwa uwazi kwamba mwaka huu kuna mtoto wa kidato cha kwanza. Kaka mwenye watoto ataelewa.

Sasa Korogwe.

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi inapita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same. Familia hii inapita mlangoni kwa mama mkwe mara mbili kila mwaka. Hakuna safari ya ziada inayoombwa. Kinachoombwa ni kushuka. Na washuke wakati wa kurudi. Kabla ya Krismasi mabasi hujaa tangu kituo cha Magufuli pale Mbezi, na kudandia njiani ukiwa na watoto watatu ni mateso. Lakini watu wengi husubiri mwaka mpya huko huko juu, hivyo anayeshuka tarehe 28 hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Wakate tiketi ya Moshi hadi Korogwe, walale siku mbili, kisha Korogwe hadi Dar, na zote zikatwe sasa. Waulizie pia kama inafanya safari treni ya Dar–Moshi iliyorejea Desemba 2019, inayopita Korogwe; ni ya mwendo wa pole, lakini nauli yake ni nafuu kuliko basi.

Mila inayodaiwa kuvunjwa ni ipi? Kama baba anaona haya kulala nyumba moja na mama mkwe wake, haya hiyo inajulikana kwa makabila mengi na Shangazi anaiheshimu. Korogwe ina nyumba za wageni. Alale huko, asubuhi aje anywe chai, na mke na watoto walale kwa bibi yao. Kama ni jambo jingine, basi alitaje. Mama yule ndiye aliyemtoa binti, na mahari ilipopokelewa nyumbani kwake ndipo watoto hawa walipopata mababu wa pande mbili.

Mama wa Tabata asilianzishe neno hili usiku watu wamechoka, wala Rombo mbele za watu. Ampigie kwanza mama mkwe wake wa Rombo, amsalimie, amweleze habari za Korogwe bila kulalamika. Yule bibi, kama ana mabinti walioolewa, huenda akamwambia mwanawe mwenyewe.

Na mume akikataa kabisa? Shangazi anasema baba arudi moja kwa moja na wakubwa wawili kama kazi inamsubiri, mama ashuke Korogwe na mdogo, na nauli ya kipande hicho aitoe kwenye maandazi yake. Amwambie hivyo mapema, kwa heshima, kabla ya kufunga mabegi.