Kuhamia Linux: maswali kabla hujaifuta Windows

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama kutoka Microsoft. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa mashine nyingi za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo laptopu ya mwaka 2015 au 2016, yenye skrini safi na kibodi nzima, inahesabiwa kuwa imekwisha. Haijaisha. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wenye mashine hizo.

Kompyuta inawaka kama kawaida. Kuna ubaya gani nikibaki na Windows 10?

Itaendelea kuwaka, lakini matundu ya usalama yanayogunduliwa kila mara hayatazibwa. Microsoft imetoa muda wa ziada hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha, na ukiuhitaji ili ujipange, uutumie. Aliyepigiwa Windows ya kukraki yuko pabaya zaidi. Programu ya kuvunjia leseni mara nyingi hutaka antivirusi izimwe kwanza, kisha hupewa mamlaka yote juu ya mashine, na mwenye kompyuta hana namna ya kujua imeacha nini ndani. Kwa mtu huyo ningesema ahame hata kama Windows yake inakwenda vizuri.

Linux ni ya nani, na kwa nini ni bure?

Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kukitumia, kukisoma, kukibadili na kukigawa, kwa sharti kwamba akigawa toleo lake atoe na msimbo wake. Kampuni kubwa za teknolojia huwalipa wahandisi wakiendeleze kwa sababu seva zao zinakitegemea. Kama una simu ya Android, tayari unakitumia kila siku.

Matoleo ni mengi. Nichukue lipi?

Linux Mint. Menyu iko pembeni chini, madirisha yanafungwa palepale ulipozoea, na anayetoka Windows hapotei. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na matoleo ya Mint 22 yatatunzwa hadi mwaka 2029. Mashine yenye RAM ya GB 4 au zaidi inatosha. Chini ya hapo chukua Lubuntu, ambayo ni nyepesi zaidi. Na kama bado unatumia diski ya kuzunguka, weka SSD. Hakuna mfumo utakaokupa kasi zaidi kuliko badiliko hilo.

Naanzaje bila kupoteza picha na kazi zangu?

Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ufungue faili kadhaa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinafunguka. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa dharura mahali salama kabla ya hatua yoyote.

Faili la Mint lina karibu GB 3, hivyo lipakue mahali penye intaneti ya bei nafuu. Tumia programu ya Rufus kuliandika kwenye flashi ya GB 8. Kilichomo kwenye flashi kitafutika. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi au F9 kwa HP, kisha chagua flashi.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kusakinisha, nami nawasihi wasubiri. Mint hufunguka nzima kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, kamera na printa. Funga kifuniko, ufungue, uone kama mashine inaamka. Itakwenda polepole kwa sababu inasoma flashi, hilo lisikutishe. Waifai ikigoma, hasa yenye kadi ya Broadcom, unganisha kwa waya au kwa simu kupitia USB, kisha tafuta kiendeshi chake katika sehemu ya viendeshi. Ukiridhika, ndipo usakinishe, betri ikiwa imejaa na umeme ukiwepo. Mfumo utakuuliza kama ukae pamoja na Windows au ufute vyote. Wenye nafasi kwenye diski wabaki na yote mawili kwa miezi michache.

Kazi zangu zote ni za Word na Excel.

LibreOffice huja pamoja na Mint na hufungua faili hizo. Barua, CV na orodha za hesabu za kawaida hazina shida. Jedwali lililopangwa kwa ustadi mwingi linaweza kuvurugika kidogo, na makro za Excel mara nyingine hukataa kabisa. Hati ya kuchapishwa steshenari ipeleke kama PDF. Ukoo huu wa programu si mgeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu ambayo LibreOffice ilichipuka kwake baadaye.

Nani asihame?

Anayeishi kwa Photoshop, AutoCAD au QuickBooks ya kusakinisha. Hazina matoleo ya Linux, na kuzilazimisha ni mateso. Vilevile kijana wa michezo ya Fortnite au Valorant.

Virusi vya flashi vinavyogeuza mafaili kuwa shotikati je?

Vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Mint havifanyi kazi. Lakini flashi yako inaweza kuvibeba hadi kwa jirani, na tovuti ya kitapeli inayokuomba nywila haijali unatumia mfumo gani. Sakinisha programu kutoka kwenye duka la Mint lenyewe, na usibandike amri ulizookota mtandaoni bila kuzielewa.

Masasisho hayatamaliza bando?

Mint hukuonyesha yaliyopo na ukubwa wake, nawe unachagua saa. Haitajizima katikati ya kazi.

Nikishindwa, naweza kurudi?

Ndiyo. Leseni halali ya Windows 10 kwa kawaida hutambuliwa na mashine ileile, hivyo ukiisakinisha upya itajithibitisha ikipata intaneti. Usichoweza kurudishiwa ni picha ambazo hukuzinakili, kwa hiyo anza na diski ya nje kabla hata hujapakua Mint.